Habari za Uchukuzi wa Waafrika Barabarani Tangu Kwisha kwa Vita, 1945



Katika Mkutano Mkuu uliopita palizuka neno ambalo si geni katika chama hiki. Mwanachama mmoja alisimama akauliza kwa nini kila mwaka fedha za rambirambi hutoka kwa ajili ya watu wetu waliofia njiani, nasi wenyewe hatuna hata gari moja la kuwachukua watu kwenda nyumbani na kurudi. Wengine walimpigia makofi. Wengine, hasa wazee, walitikisa vichwa. Mzee mmoja alisema, "Ajali haina kinga," kisha akakaa.

Kamati iliniomba niandike habari ya jambo hili tangu mwanzo, ili wale watakaopiga kura wajue njia waliyopita waliotutangulia. Nimeitimiza kazi hiyo kadiri ya uwezo wangu. Sikuja kumbishia mzee yule, maana alisema neno ambalo sote tumelisema makaburini. Lakini nimeona kwamba katika habari za barabara za Kenya tangu mwaka 1945, ajali nyingi zilikuwa na kinga, na kinga ile ilijulikana, ila ilikuwa na gharama, na mara nyingi hakuna aliyetaka kuilipa.

WALIORUDI VITANI

Vita Kuu ya Pili ilipokwisha mwaka 1945, karibu Waafrika 100,000 kutoka Kenya walikuwa wametumika jeshini. Walikuwa wamefika Uhabeshi, Madagaska na Burma. Si wote waliobeba bunduki. Wengi walifundishwa kuendesha malori, kuziba tairi, kutengeneza injini na kuongoza msafara wa magari usiku katika njia za matope na milima. Kabla ya vita, Mwafrika aliyejua kuendesha motokaa alikuwa mmoja mmoja, na kwa kawaida aliendesha ya bwana wake. Baada ya vita, ujuzi ule ulikuwa umeenea karibu kila wilaya.

Watu hawa walirudi na kiinua mgongo chao na akiba ya mishahara. Walipofika nyumbani waliona njia tatu za kuitumia fedha: kufungua duka, kununua kinu cha kusaga mahindi, au kununua lori. Lori ndilo lililopendwa kuliko vyote, na sababu yake si ngumu kuifahamu. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, lakini nchi iliyo mbali na stesheni ilibaki vilevile. Mahindi, mboga, kuku, mayai na makaa vilichukuliwa vichwani na mgongoni, au kwa punda na baiskeli, maili nyingi hadi sokoni. Mwenye lori aliweza kufanya kwa asubuhi moja kazi ya watu hamsini.

Barabara nazo zilikuwa zimeanza kubadilika. Wakati wa vita, mateka wa Kiitalia waliwekwa kazini kujenga barabara mpya ya kuteremka Bonde la Ufa, na kanisa dogo walilolijenga lipo hata leo kando ya njia ya Mai Mahiu. Wanachama wetu wengi wamelipita kanisa lile mara zisizohesabika bila kujua kwamba lilijengwa na wafungwa. Lakini nje ya njia kuu, barabara zilikuwa za udongo na murami, na mvua zikinyesha lori lilikaa matopeni siku mbili tatu, na abiria wakalala humo humo juu ya magunia.

Kwa kuwa bei ya lori ilizidi nguvu za mtu mmoja, watu walikusanya hisa. Ndugu, majirani, watu wa kanisa moja au askari waliotumika pamoja walitoa kila mmoja kiasi chake, wakachagua mwenyekiti na mweka hazina, wakanunua gari, mara nyingi kuukuu, na mengine yaliyokuwa ya jeshi. Walilipaka rangi, wakaandika jina la ushirika wao ubavuni. Tusiwacheke watu hawa. Walifanya jambo ambalo sisi leo, wenye elimu na simu za mkononi, bado tunalijadili.

RELI NA SHERIA YA MWAKA 1937

Kikwazo cha kwanza walichokutana nacho kilikuwa sheria, wala haikutungwa kwa ajili yao. Mwaka 1937 Serikali ya kikoloni ilipitisha Sheria ya Leseni za Uchukuzi, ikaunda bodi ambayo watu waliijua kwa herufi zake tatu, TLB. Nia kubwa ya sheria hiyo ilikuwa kuilinda reli.

Yafaa tueleze reli ililindwa kwa namna gani. Reli ilitoza nauli ndogo kwa mazao yaliyokwenda pwani kuuzwa ng'ambo, kama mahindi, na nauli kubwa kwa bidhaa za thamani zilizotoka ng'ambo, kama nguo na vyombo vya madukani. Faida ya hizi za pili ndiyo iliyofidia uchache wa zile za kwanza. Sasa mwenye lori hakutaka kuchukua mahindi kwa bei ya reli. Alitaka nguo na vyombo, maana hapo ndipo penye faida. Kama malori yangeachiwa huru, yangechukua mizigo minono na kuiachia reli ile myembamba, na mkulima mkubwa aliyezoea nauli ndogo angelia. Kwa hiyo lori lilifungwa kamba.

Sheria iligawa leseni za mizigo kwa herufi. Leseni ya A ilikuwa ya mwenye kazi ya kuchukua mizigo ya watu kwa malipo. Leseni ya B ilikuwa ya mwenye kuchukua mizigo yake pamoja na ya wengine kwa mipaka aliyowekewa. Leseni ya C ilikuwa ya mwenye kuchukua mali yake tu. Mabasi ya abiria yalikuwa na leseni yao ya njia. Aliyetaka leseni alipeleka maombi, na maombi yalichapwa katika Gazeti la Serikali ili kila mtu aone. Kisha palikuwa na siku ya kusikilizwa. Reli iliweza kusimama na kupinga, na mwenye basi aliyekwisha kupewa njia ile aliweza kupinga pia, akisema kwamba kazi iliyopo inamtosha yeye na hapana haja ya mwingine.

Kwa kweli sheria haikuandika kwamba Mwafrika asipewe. Lakini aliyetangulia alikuwa na nguvu kuliko aliyechelewa, na Mwafrika ndiye aliyechelewa, kwa kuwa miaka ya 1930, wakati njia zilipogawanywa, hakuwa na gari wala fedha za kulinunua. Tena kesi ya leseni iliendeshwa kwa Kiingereza, mbali na nyumbani, mbele ya watu waliozoea mambo ya ofisi. Katika mji wa Nairobi, kampuni ya Kenya Bus Services, iliyoanza kazi mwaka 1934, ndiyo iliyokuwa na haki ya kuchukua abiria wa mjini kwa mabasi. Aliyebaki nje ya mlango alikuwa na shauri moja kati ya mawili: kuliacha gari lake lioze, au kuliendesha kwa kujificha.

Wengi walichagua la pili. Mtu wa leseni ya C alikwenda sokoni na magunia yake, na njiani akawapakia majirani juu ya magunia, kila mmoja akitoa senti zake. Huo ndio mwanzo wa mambo mengi tunayoyaona leo. Gari la kujificha halina saa maalumu, halisimami penye askari, na dereva wake huogopa kizuizi cha polisi kuliko kona ya mlima.

DENI LA SHILINGI 200

Kikwazo cha pili kilikuwa mkopo. Sheria ya mwaka 1948 juu ya mikopo kwa Waafrika ilisema kwamba aliyemkopesha Mwafrika zaidi ya shilingi 200 hakuweza kumdai mahakamani, isipokuwa deni lile limeidhinishwa na mkuu wa Serikali. Walioitunga walisema ni kinga ya Mwafrika asiingizwe katika madeni na wafanyabiashara. Huenda wengine waliamini hivyo. Lakini shilingi 200 hazikutosha kununua hata sehemu ndogo ya lori. Kwa sheria hiyo mtu mzima aliyeendesha msafara wa jeshi huko Burma alihesabiwa kama mtoto dukani.

Matokeo yake ni kwamba wenye mali waliogopa kumkopesha, au walitaka kwanza malipo makubwa ya fedha taslimu. Ushirika ulimaliza hisa zote katika kulinunua gari, na siku ya kwanza ya safari hapakubaki hata senti ya kununua tairi la akiba. Gari kuukuu, barabara mbovu, sanduku tupu: hivyo ndivyo kazi ilivyoanza.

MALI BILA DAFTARI

Lakini tusiseme kwamba makosa yote yalikuwa ya Serikali. Waliotutangulia hawatapungukiwa heshima tukisema kweli. Wahenga wamesema, mali bila daftari hupotea bila habari, na ushirika mwingi wa malori ulipotea kwa njia hiyo hiyo.

Tuchukue mfano. Watu wananunua lori kwa shilingi 10,000, na fundi anawaambia kwamba litafanya kazi miaka minne. Maana yake ni kwamba kila mwezi wa miezi 48, lori lile linakula shilingi 208 za uhai wake, hata kama limesimama. Mtu mwenye daftari hutenga shilingi hizo kila mwezi, ili miaka minne ikiisha awe na lori jingine. Mtu asiye na daftari huhesabu fedha za jioni, huondoa petroli na posho ya dereva na utingo, na kilichobaki hukiita faida. Wenye hisa hugawana wakati wa sikukuu, wakafurahi na kumsifu mwenyekiti. Mwaka wa tatu injini inakufa. Hapo ndipo wanapogundua kwamba ile waliyoiita faida ilikuwa ni lori lenyewe, wamelila kidogo kidogo.

Na hapa, ndugu zangu, biashara ilikutana na ajali. Ushirika unaoona sanduku linapungua hauanzi kwa kuuza gari. Huanza kwa kuongeza abiria watano, kisha kumi. Baadaye husema kwamba breki zitangoja mpaka baada ya mavuno. Tairi lililokwisha hupelekwa gurudumu la nyuma ili lisionekane. Dereva aliyekuja kutoka safari ya usiku huambiwa arudi asubuhi ile ile, kwa sababu siku ya soko haiji mara mbili kwa juma. Hakuna hata mmoja katika kamati aliyetaka mtu afe. Kila mmoja alitaka tu deni lilipwe mwezi huu. Lakini gari lile lilipoteremka mlima, uzito wote wa maamuzi yale madogo uliteremka pamoja nalo.

SHERIA ZA USALAMA

Serikali haikukaa kimya. Mwaka 1945 ilitungwa sheria ya kulazimisha kila mwenye gari awe na bima kwa ajili ya mtu atakayeumizwa au kuuawa na gari lake. Kabla ya hapo, aliyegongwa na maskini hakupata kitu, hata akishinda kesi, maana huwezi kumkamua aliye mkavu. Sheria hii ilikuwa njema, lakini ilitaka fedha za mwaka zilipwe mbele, na mwenye gari la kujificha aliikwepa pamoja na mengine. Hivyo abiria wa gari lisilo na leseni alisafiri bila kinga ya sheria, naye hakujua.

Mwaka 1953 ikatungwa Sheria ya Barabarani, ikaanza kutumika tarehe 1 Januari 1954. Hiyo ndiyo sheria iliyoendelea baada ya Uhuru, ikarekebishwa mara nyingi. Inahusu uandikishaji wa magari, leseni za madereva, ukaguzi wa magari ya abiria, idadi ya watu wanaoruhusiwa, mwendo, na adhabu ya kuendesha kwa hatari au kwa ulevi. Dereva wa gari la abiria na kondakta wake walitakiwa kuwa na leseni zao maalumu.

Tutazame mambo mawili haya pamoja. Bodi ya leseni za uchukuzi ilishughulika zaidi na nani apate njia na nani anyimwe. Sheria ya barabarani ilishughulika na breki, mwendo na idadi ya watu. Kwa mtu wa kawaida zote mbili zilikuwa kitu kimoja: askari anayenyosha mkono barabarani. Kwa sababu ya kwanza ilionekana kuwa ya dhuluma, ya pili nayo ilidharauliwa. Mtu aliyekwepa kizuizi ili asiulizwe leseni ya njia alikwepa pia kukaguliwa breki. Nadhani hasara hii ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote, maana watu walizoea kuamini kwamba sheria ya barabara ni mtego wa kutafuta fedha, wala si kinga ya uhai wao. Mazoea hayo hayakwisha bendera ilipobadilishwa.

MADEREVA NA HALI YA HATARI

Madereva nao walikuwa na neno lao. Katika miaka ya mwisho ya 1940 chama cha wafanyakazi wa uchukuzi kilikuwa miongoni mwa vyama vyenye nguvu mjini Nairobi, na katibu wake alikuwa Fred Kubai. Mwezi wa Oktoba 1949 madereva Waafrika wa teksi na mabasi waligoma kupinga sheria ndogo za mji zilizowahusu. Mwaka ule ule, tarehe 1 Mei, ulikuwa umeundwa muungano wa vyama vya wafanyakazi, Kubai akiwa rais na Makhan Singh katibu mkuu. Wote wawili walikamatwa Mei 1950, na mgomo mkubwa ukafuata Nairobi. Kubai alikuwa baadaye miongoni mwa watu sita waliohukumiwa Kapenguria.

Hali ya Hatari ilipotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, kusafiri kwenyewe kukawa shaka. Wakikuyu, Waembu na Wameru walihitaji ruhusa kutoka mahali hata mahali, na mahali pengi palikuwa na amri ya kutotoka nje usiku. Mwaka 1953 Mau Mau waliwaamuru watu wasipande mabasi ya Nairobi, na maelfu walikwenda kazini kwa miguu kutoka mitaa ya mashariki. Tarehe 24 Aprili 1954 mji ukazingirwa katika ile operesheni iliyoitwa Anvil. Biashara ya gari huishi kwa watu kutembea. Mahali ambapo watu walizuiwa kutembea, magari mengi yalisimama, na hisa za wajane na wastaafu zikafa pamoja nayo.

SENTI THELATHINI

Uhuru ulipopatikana tarehe 12 Desemba 1963, watu walitazamia milango ifunguliwe. Katikati ya miaka ya 1960 ulianzishwa ushirika wa taifa wa uchukuzi, KENATCO, ili wachukuzi Waafrika waungane katika safari ndefu. Ulifanya kazi kubwa, ingawa baadaye uliingia katika madeni. Lakini mtu wa kawaida mjini Nairobi aliona mabadiliko mahali pengine. Aliyaona katika vigari vilivyozunguka mitaa ya mashariki, bila leseni, vikimchukua mtu kwa senti thelathini, yaani sarafu tatu za senti kumi kumi. Kwa Kikikuyu tatu ni matatu, na jina likashika.

Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta alitangaza kwamba matatu yaweza kuchukua abiria bila ile leseni ya TLB. Kizuizi cha mwaka 1937 kikaondolewa kwa neno moja. Mjini Nairobi, matatu zilizokuwa kiasi cha 400 mwaka ule zilikuwa kiasi cha 1,600 ilipofika mwaka 1979. Maelfu ya watu walipata kazi, na watu wa mitaa isiyofikiwa na mabasi wakapata usafiri. Hilo ni jambo la kushukuru.

Lakini mlango uliofunguliwa haukuwekewa bawabu. Leseni ya upendeleo iliondolewa, na ukaguzi wa usalama ukaachwa nyuma pamoja nayo kwa miaka kadhaa, mpaka sheria ya mwaka 1984 ilipozitambua matatu na kuzitaka zikaguliwe. Tarehe 1 Februari 2004 zikaanza kanuni za Waziri John Michuki: mikanda kwa kila abiria, kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa, sare za madereva na makondakta, na mstari wa manjano ubavuni. Wazee watakumbuka juma lile, jinsi watu walivyotembea kwa miguu wakilalamika, na jinsi baada ya muda mfupi walivyosema, "Kumbe inawezekana kukaa vizuri katika matatu." Kisha mikanda ikachakaa, vidhibiti vikachezewa, na wengi wakarudia mazoea.

Mwaka 2012 ilipitishwa sheria iliyounda Mamlaka ya Taifa ya Usafiri na Usalama, NTSA, na TLB ikafikia mwisho wake. Kanuni za mwaka 2014 zimewataka wenye magari ya abiria wawe ndani ya kampuni au ushirika wenye magari yasiyopungua 30. Kwa namna fulani tumerudi mahali pa wale askari wa 1945: mtu mmoja na gari lake hawezi, sharti watu waungane.

JE, AJALI HAINA KINGA?

Tarehe 10 Oktoba 2018, kabla ya mapambazuko, basi lililotoka Nairobi kwenda Kakamega lilianguka karibu na Fort Ternan, wakafa watu zaidi ya 50. Wakuu walieleza kwamba basi lile halikuwa na ruhusa ya kusafiri usiku. Tarehe 30 Juni 2023, katika njia panda ya Londiani, lori liliacha njia likawagonga watu na magari yaliyosimama kando ya barabara, na hapo tena wakafa watu zaidi ya 50, miongoni mwao wafanyabiashara wa kando ya njia. Katika miaka ya karibuni watu zaidi ya 4,000 wamekufa kila mwaka katika barabara za Kenya, na wanaotembea kwa miguu ni wengi sana katika hesabu hiyo.

Mzee aliyesema ajali haina kinga alisema kweli kwa upande wa mtu mmoja. Mama aliyekaa kiti cha nyuma hana la kufanya breki zikikatika. Lakini breki zile zilikatika baada ya mtu fulani, katika ofisi fulani au nyumbani kwake, kuamua kwamba zitangoja. Kinga ilikuwako mezani kabla haijafika mlimani. Kwa hiyo neno la wahenga lisitumiwe na wenye magari kujifichia. Limfariji mfiwa, lakini lisimfiche mwenye kosa.

MASHAURI KWA MKUTANO MKUU

Sikupewa amri ya kusema ndiyo au hapana juu ya kununua gari la chama. Lakini kutokana na habari hizi naweka mbele yenu mashauri manne.

Kwanza, kama chama kitanunua gari, kisitumie fedha zote katika kulinunua. Sehemu ibaki kwa ajili ya tairi, breki na bima ya mwaka wa pili. Kama fedha hazitoshi kwa hayo, basi hazitoshi kununua gari, hata kama bei yake tunaimudu.

Pili, kila mwezi itengwe fedha ya kununua gari litakalofuata, nayo iandikwe katika daftari tofauti ambalo mwanachama yeyote aweza kulisoma. Pasigawanywe faida yoyote kabla fedha hiyo haijatengwa. Ndugu zetu wa 1945 walikufa kibiashara kwa neno hili moja.

Tatu, dereva alipwe mshahara wa mwezi. Asipewe hesabu ya kutimiza kila siku. Dereva anayetafuta hesabu ya jioni hukimbia, maana kila dakika ni fedha yake. Na yule atakayekataa kuondoa gari bovu au kupakia kupita kiasi, asifukuzwe na kamati, wala hata mwenyekiti mwenyewe asimlaumu.

Nne, hata kama hatutanunua gari, tunaweza kuanza na safari zetu wenyewe. Tunapokodi basi la kupeleka msiba nyumbani, kwa kawaida tunatafuta lililo rahisi kuliko yote, tunajaza watu, na kusafiri usiku ili tufike asubuhi ya mazishi. Naomba tuamue kwamba basi la msiba likaguliwe kwanza, lisipakie kupita viti vyake, na lisiondoke bila ruhusa inayotakiwa. Ikiwa mazishi yatachelewa nusu siku, marehemu hatakasirika.

Wahenga walisema kutangulia si kufika. Wale waliorudi vitani walitangulia, na wengi hawakufika. Mambo yaliyowaangusha yameandikwa hapa ili tuyatazame kabla ya kupiga kura.

Nawaachia ninyi uamuzi, wazee na wanachama. Wasalaam.